Kamba wa Kusini mwa Marekani kwa Wageni 24 na Oveni Moja

SWALI: Ndugu Mhariri wa Jikoni, mwishoni mwa mwezi ujao tutawapokea wageni 24 nyumbani kwetu Houston, Texas, kwa ajili ya kumpongeza binti yetu aliyemaliza chuo. Yeye mwenyewe ameomba chakula cha baharini cha Kusini, kile ambacho watu wa huku huchemsha kamba, soseji, mahindi na viazi katika chungu kimoja kikubwa, kisha humwaga vyote mezani juu ya karatasi. Tunaishi ghorofani, mkataba wa upangaji unakataza majiko ya gesi kwenye roshani, na sufuria yangu kubwa kuliko zote haitoshi hata nusu ya chakula hicho. Nina oveni moja ya kawaida yenye rafu mbili. Je, ninaweza kuvipika vyote humo bila kamba kuwa wagumu na viazi kubaki vibichi?
*Msomaji, Houston, Texas*

JIBU: Inawezekana, ndugu msomaji, na hongera kwa binti. Ila kubali mapema kwamba kitakachotoka katika oveni si kile kile kinachotoka chunguni. Chakula unachokieleza kinajulikana sana kwa jina la Frogmore, ambayo ni sehemu ya kisiwa cha St. Helena karibu na mji wa Beaufort, South Carolina. Huko ni nyumbani kwa Wagullah, wazawa wa Waafrika waliopelekwa utumwani kulima mpunga na pamba katika tambarare za pwani hiyo, na kamba, kaa na chaza wa vijito vya maji ya chumvi wamekuwa riziki yao kwa vizazi vingi. Katika chungu cha Frogmore maji yanafanya kazi mbili kwa pamoja, kwani ndiyo yanayobeba joto na ndiyo yanayobeba viungo, hivyo kiazi kilichochemka humo kinakolea hadi kiini. Katika oveni joto linabebwa na hewa, na hewa haibebi chumvi wala pilipili. Ndiyo sababu wapishi wanaonyunyiza viungo vikavu juu ya trei na kuisukuma ndani hupata chakula chenye chumvi kali kwa nje na kisicho na ladha yoyote kwa ndani. Kazi ya kubeba viungo uikabidhi siagi. Faida utakayoipata, ambayo chungu hakiwezi kukupa, ni soseji na mahindi yaliyogeuka rangi ya kahawia na kunukia moshi kidogo.

Kwa watu wazima 24 nunua ratili 10 za kamba wasio na vichwa lakini wenye maganda, yaani kilo nne na nusu, ratili 5 za soseji iliyokaushwa kwa moshi, ratili 6 za viazi vidogo vyekundu, na mahindi mabichi 14, kila hindi likatwe vipande vitatu. Watu wa Kusini wenyewe hukadiria nusu ratili ya kamba kwa kila mlaji, na ikiwa wageni wako wengi ni vijana, fuata kipimo chao na uongeze ratili mbili. Lakini katika hafla zetu, ambako sinia la pilau halikosi kutokea pembeni hata pale mwenye nyumba alipoapa kwamba leo hakuna wali, ratili 10 hazitapungua.

Sasa tuje kwenye jambo linaloamua kila kitu, nalo ni nafasi. Trei ya kuokea inayouzwa katika maduka ya vyombo Marekani ina upana wa inchi 13 na urefu wa inchi 18, na oveni ya nyumbani huchukua trei moja ya kipimo hicho kwa kila rafu. Trei hiyo inaenea ratili mbili na nusu za kamba wakilala bila kupandana. Ratili 10 ni trei nne, na oveni yako inapokea trei mbili kwa mara moja, kwa hiyo kamba pekee wanahitaji awamu mbili. Wapishi wengi wakifika hapa huingiwa na tamaa ya kuwarundika wote kwa mkupuo mmoja ili wamalize mapema. Kamba waliorundikwa hutoa maji, wale wa chini huchemka katika maji hayo, wale wa juu hukauka, na dakika unazodhani umeziokoa zinapotea kwa kuchanganya na kurudisha. Nunua au azima trei nne, zote zenye kingo, kwa sababu siagi ikimwagika kwenye sakafu ya oveni yenye moto mkali, kengele ya moshi italia kabla wageni hawajavua viatu.

Viazi visiingie katika oveni vikiwa vibichi. Vitakula karibu dakika 45 za oveni ambayo huna uwezo wa kuipoteza, ilhali meko ya juu yamekaa bure. Vichemshe mapema katika maji yenye chumvi ya kutosha na vijiko vitatu vikubwa vya viungo vile vile utakavyowapaka kamba, kwa muda wa dakika 12 au hadi kisu kiingie kwa ukinzani kidogo, kisha uvichuje na uviache vitoe mvuke hadi ngozi ikauke. Ukifanya hivyo viazi vinapata ile neema ya chungu niliyoitaja, na kazi ya oveni inabaki kuvipa rangi tu. Wapo wanaoshikilia kwamba chakula cha oveni kipikwe chote katika oveni, lakini wageni hawaji kukagua vyombo.

Tuseme chakula kinatakiwa mezani saa 1:00 jioni. Washa oveni saa 11:00 kwa nyuzi 425 za Farenhaiti, ambazo ni takriban 220 za Selsiasi, na kama oveni yako ina feni, punguza nyuzi 25 za Farenhaiti. Usiamini mlio wa kwanza wa oveni unaodai kwamba joto limefika, kwa maana hewa ndiyo imepata joto na kuta bado. Ipe nusu saa kamili. Saa 11:30 ingiza trei mbili za viazi vilivyopakwa siagi na kitunguu saumu. Baada ya dakika 25 vitoe, vihamishie katika bakuli pana la kuokea lenye kina, uvifunike kwa foili. Saa 12:00 ingiza mahindi na soseji zilizokatwa mshazari, unene wa kidole, katika trei mbili, na baada ya dakika 10 badilishana trei ya juu na ya chini, kwa sababu hakuna oveni ya nyumbani yenye joto sawa kila upande. Zikifika dakika 20 vitoe na uviunganishe na viazi. Soseji nyingi za moshi zimekwishaiva kiwandani na hapa zinapashwa moto tu. Ukinunua mbichi, ni lazima nyama yake ya ng'ombe au nguruwe ifike nyuzi 160 za Farenhaiti ndani, na ya kuku au bata mzinga ifike 165. Kisha funga mlango na usubiri oveni ipate tena nguvu yake. Saa 12:35 ingiza kamba wa kwanza, saa 12:50 wa pili, kila awamu ikikaa dakika 7 hadi 9.

Bakuli la viazi, mahindi na soseji litakaa wapi muda huo wote? Lile sanduku la plastiki mnalobebea vinywaji vyenye barafu linahifadhi joto kwa ustadi ule ule linavyohifadhi baridi. Lijaze maji ya moto ya bomba kwa robo saa, uyamwage, utandike taulo kavu, uweke bakuli lililofunikwa foili mara mbili, ufunike kwa taulo jingine na ufunge kifuniko. Chakula kilichoingia humo kikiwa moto sana kitabaki juu ya nyuzi 140 za Farenhaiti, ambacho ndicho kiwango cha usalama, kwa muda mrefu kuliko utakaouhitaji. Mvuke utalainisha kidogo rangi ya viazi, nami naona hiyo si hasara kubwa.

Kuhusu siagi, tumia isiyo na chumvi, kwa kuwa viungo vya paketi vya Old Bay na vya Louisiana vina chumvi nyingi tayari. Yeyusha vipande vitatu vya Kimarekani, jumla gramu 340, kwa moto mdogo, tia punje 12 za kitunguu saumu kilichopondwa, na baada ya dakika mbili, kabla saumu haijabadilika rangi, tia vijiko 8 vikubwa vya viungo na vijiko viwili vya sosi ya Worcestershire. Acha viungo vichemke ndani ya siagi kwa dakika moja. Mpishi aliyelelewa katika jiko la pwani hahitaji kuelezwa sababu, kwani ndiyo kanuni ya kukaanga bizari kabla ya kutia nyama: harufu nyingi za viungo huyeyuka katika mafuta na si katika maji. Zima moto, kisha tia maganda yaliyokunwa na maji ya malimau matatu. Nusu ya mchanganyiko huo wapake kamba kabla hawajaingia, na nusu nyingine iweke kando ikiwa na joto ili uimwagie juu ya chakula chote mwishoni. Ile ya mwisho ndiyo inayochukua nafasi ya supu ya chunguni, usiipunje. Siagi ya viazi na mahindi ni nyingine, na gramu 225 zinatosha.

Kamba wapikwe na maganda yao, maana ganda linawakinga na hewa kavu. Lakini kwa mkasi wa jikoni kata ganda la mgongoni kuanzia shingoni hadi karibu na mkia, toa ule uzi mweusi, na siagi itapata mlango wa kuingilia. Wafute wakauke kabisa kabla ya kuwapaka. Kamba mwenye maji juu yake anaanza kwa kuchemka na anachelewa kuiva, nawe utadhani oveni haifanyi kazi na utamwongezea dakika ambazo hazihitaji. Aliyeiva huwa amejikunja nusu, nyama yake imegeuka kutoka kijivu cha kuangaza na kuwa nyeupe isiyopitisha mwanga, na kipimajoto kikichomwa katika sehemu nene kinasoma nyuzi 145 za Farenhaiti, yaani 63 za Selsiasi. Akijikunja hadi kichwa na mkia kugusana, amekwisha kupita. Watoe punde tu wanapofika na uwahamishe mara moja kutoka kwenye trei, kwa sababu chuma chenye moto kinaendelea kupika hata kikiwa juu ya meza.

Mezani tandika karatasi nene ya kahawia isiyo na maandishi badala ya gazeti, mwaga kwanza viazi, mahindi na soseji, kisha kamba juu, kisha siagi iliyobaki, na vipande vya limau pembeni. Wenyeji huweka sosi ya nyanya iliyotiwa mzizi mkali wa horseradish, saladi ya kabichi na mkate wa mahindi. Kachumbari yetu yenye ndimu na pilipili inayakata kinywani mafuta ya siagi vizuri zaidi kuliko ile saladi ya kabichi yenye mayonezi, na sitaona haya kulisema hilo mbele ya mtu wa Charleston. Usiwangoje waliochelewa: awamu ya kwanza ya kamba ikitoka, ikaribishwe, na ya pili itawakuta wageni wakiwa wameshika kasi.

SWALI: Kwa kuwa nimehamia Atlanta karibuni, nimechanganyikiwa na namba zilizoandikwa kwenye mifuko ya kamba, kama vile 16/20 na 26/30, na tena sijui kama ninunue wabichi kwenye barafu au waliogandishwa. Ninataka kuwaoka kwa ajili ya watu 15 wa jumuiya yetu ya kanisa.
*Msomaji, Atlanta, Georgia*

JIBU: Namba hizo ni hesabu ya kamba katika ratili moja: 16/20 maana yake ni kwamba ratili moja ina kamba kati ya 16 na 20, kwa hiyo namba inavyokuwa ndogo ndivyo kamba anavyokuwa mkubwa. Kwa oveni chagua 16/20 au 21/25. Wadogo kuliko hapo wanapita kiwango kabla siagi haijaanza kutokota.

Kuhusu wabichi na waliogandishwa, sehemu kubwa ya kamba wanaolala kwenye barafu madukani, hasa mbali na bahari, waliwahi kugandishwa na wakayeyushwa dukani, na kamba wengi wanaoliwa Marekani hutoka nje, India na Ecuador zikiongoza. Afadhali ununue mfuko uliogandishwa na kuuyeyusha wewe mwenyewe. Soma orodha ya vilivyomo: iwe kamba peke yake, au kamba na chumvi. Ukiona fosfati ya sodiamu, fahamu kwamba kamba hao wametiwa dawa inayoshika maji, unalipia maji hayo kwa bei ya kamba, na yote yatamwagika katika trei. Ukipata waliovuliwa Ghuba ya Meksiko au pwani ya Georgia na Carolina, lipa ziada hiyo kwa moyo mweupe, kwani utamu wao ni wa aina nyingine. Wayeyushe usiku kucha ndani ya friji, au kama umechelewa, wafunge katika mfuko usioingiza maji na uwazamishe katika maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa. Maji ya moto yanawaivisha nje kabla barafu ya ndani haijaisha.

Ukibahatika kupata wenye vichwa, usivitupe. New Orleans wana mlo wao uliotoka katika mkahawa wa Pascal's Manale katika miaka ya 1950, nao unaitwa kamba wa kuchoma ingawa hawajawahi kukaribia makaa: kamba wenye vichwa huokwa katika bakuli lenye kina, wakiogelea katika siagi, pilipili manga nyingi kupita adabu na sosi ya Worcestershire, na mafuta ya vichwani huigeuza siagi kuwa mchuzi mwekundu ambao watu huuchovya mkate. Kwa watu 15 huo ni rahisi kuliko wa Frogmore, kwa sababu hakuna viazi wala mahindi vya kugombania nafasi, na mikate mirefu minne inamaliza kazi. Ratili 9 zitakutosha, kwa kuwa vichwa vina uzito wake.

SWALI: Wageni wetu ni mchanganyiko: Wakongo na Watanzania, wengine Waislamu, wengine Wasabato, na mama mmoja anayevimba midomo akila kamba. Nifanyeje ili wote wakae meza moja?
*Msomaji, Louisville, Kentucky*

JIBU: Anza na huyo mama, kwa sababu kwake jambo hili ni la hatari, wala si la hiari. Mwenye mzio wa kamba anaweza kudhuriwa na siagi iliyogusana nao tu, kwa hiyo chakula kinachomwagwa kwa pamoja mezani hakimfai hata akiahidi kuchagua viazi peke yake. Hapa oveni inakishinda chungu kwa mbali: trei ni vyombo tofauti. Mpikie trei yake mwanzo kabisa, kabla kamba hawajatolewa hata katika friji, kwa siagi yake, koleo lake na sahani yake, uifunike na umkalishe mbali na mahali kamba watakapomwagwa. Muulize mapema kama kaa na kamba ndio wanaomdhuru au samaki pia, kwani hizo ni aleji mbili mbalimbali, na sosi ya Worcestershire ina samaki wadogo ndani yake.

Wasabato wanaoshika mafundisho ya vyakula hawali kamba, kaa, chaza wala nguruwe, na wala hawali samaki wasio na magamba. Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu mwenyeji mwenye nia njema huko Kusini atakimbilia kambale, samaki wa mabwawa ya Mississippi anayepikwa kwa kupakwa unga wa mahindi, akidhani ameokoa jahazi. Kambale hana magamba. Chukua minofu ya changu mwekundu wa Ghuba, au sato, ipake siagi ile ile yenye viungo, uioke kwa nyuzi 425 za Farenhaiti kwa dakika 12 hadi 15 ikiwa ina unene wa inchi moja, na kidogo zaidi ya nusu ya muda huo kwa sato mwembamba. Ukipenda ule ukoko wa Kimississippi, changanya unga wa mahindi wa manjano na viungo, upake minofu siagi kisha unga, na uiweke juu ya wavu ndani ya trei ili hewa ipite chini yake.

Kwa Waislamu, tatizo kubwa liko katika soseji. Ile ya andouille ya Louisiana kwa desturi ni nyama ya nguruwe, na zipo soseji za bata mzinga na ng'ombe ambazo nyama yake si nguruwe lakini utumbo uliozibana ni wa nguruwe, jambo ambalo huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya paketi. Nunua za ng'ombe zenye alama ya halali na uzitumie kwa trei zote badala ya kutenga, maana ladha ya moshi ni ile ile. Mapishi mengi ya Kusini hutia bia katika trei au chungu, nawe weka supu ya samaki au maji ya limau. Waislamu wa pwani yetu, ambao wengi ni wafuasi wa Imamu Shafii, hawana neno na kamba. Miongoni mwa wafuasi wa Imamu Abu Hanifa kuna mjadala, na kaa ana mjadala mrefu zaidi hata kwa Washafii. Katika kundi kama hilo ningemwacha kaa sokoni.

SWALI: Je, kamba wadogo wa maji baridi wa Louisiana, wale waitwao crawfish, wanaweza kuokwa kama hao wa baharini? Hapa Dallas msimu wao umefika na bei imeshuka.
*Msomaji, Dallas, Texas*

JIBU: Hawawezi, au tuseme hawastahili. Hununuliwa wakiwa hai kwa magunia, wakiwa na tope la mashambani, na sharti waoshwe na kutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa fujo ili wafe papo hapo. Nyama ya mkia wao ni ndogo na ganda ni gumu, hivyo ladha hupatikana kwa kuwaacha walowe katika maji yale yenye viungo baada ya moto kuzimwa, jambo ambalo oveni haina namna ya kuliigiza. Wakishachemshwa, hapo ndipo siagi inaingia, na Wavietnam wa Houston wamejipatia sifa kwa kuwamwagia kitunguu saumu na siagi mwishoni. Kwa wasomaji wa Kenya, hao ndio wale wale walioingizwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970 na kusambaa humo.

SWALI: Nilisoma Savannah, Georgia, nikazoea viungo vya paketi ya manjano. Sasa niko Maskati, ambako kamba ni wengi lakini paketi hiyo siioni. Naweza kuchanganya mwenyewe?
*Msomaji, Maskati, Oman*

JIBU: Unaweza, na huenda ukapata vilivyo bora, kwa kuwa utavisaga siku hiyo hiyo. Old Bay kwa asili si ya Kusini kabisa. Iliundwa Baltimore, Maryland, na Gustav Brunn, Myahudi wa Ujerumani aliyekimbia utawala wa Hitler mwishoni mwa miaka ya 1930, nayo ilikusudiwa kaa wa ghuba ya Chesapeake. Paketi hutaja chumvi ya seleri, paprika, pilipili nyekundu na pilipili manga, na vingine hufichwa chini ya neno viungo. Saga kijiko kimoja kikubwa cha mbegu za seleri uchanganye na vijiko viwili vya chumvi. Ongeza vijiko viwili vikubwa vya paprika, kimoja cha haradali ya unga, kimoja cha pilipili manga, nusu kijiko kikubwa cha pilipili nyekundu, majani manne makavu ya bay, yale ambayo Waarabu huyaita ghaar, yaliyosagwa laini, na nusu kijiko cha chai cha karafuu pamoja na tangawizi, iliki na kungumanga kwa ncha ya kisu. Kiasi hicho kinatosha ratili 6 hadi 8 za kamba. Mbegu za seleri usizibadilishe kwa kitu kingine, kwani bila hizo utakuwa umetengeneza bizari nzuri ambayo haimkumbushi mtu Savannah hata kidogo.

SWALI: Vikibaki? Nyumbani kwetu havitupwi.
*Msomaji, Raleigh, North Carolina*

JIBU: Visitupwe, lakini viwahiwe. Chakula cha baharini kisikae mezani zaidi ya saa mbili, na kama mnakula nje katika jua la Julai, joto likiwa limepita nyuzi 90 za Farenhaiti, kisizidi saa moja. Menya kamba wakiwa bado vuguvugu, kwani wakipoa ganda linagandamana na nyama, kisha uwaweke katika friji mbali na viazi, na uwamalize ndani ya siku tatu. Usiwarudishe katika oveni, watakuwa mpira. Tengeneza mchuzi wa nazi kwa siagi na viungo vilivyoganda katika trei, uongeze nyanya, tia viazi na punje za mahindi zilizokatwa kutoka kwenye magunzi, na mchuzi ukishachemka vizuri tia kamba, koroga hadi watoe mvuke wa moto kabisa, kisha epua na upakue papo hapo juu ya wali.